Crawford Grill iliungua 1951, ila muziki wa Hill District uliuliwa na kalamu

Klabu ya zamani ya muziki ikiungua maneno huwa yale yale, historia imeteketea, mtaa umepoteza roho yake, watu wanaposti picha za zamani, wiki mbili baadaye kimya. Sina shida na huzuni, kuungua kunauma. Shida yangu ni hesabu ya hasara, maana mara nyingi moto unabebeshwa lawama ya kazi ambayo haukuifanya, na mfano mzuri kuliko yote ninaoujua uko Pittsburgh, jimbo la Pennsylvania kule Marekani, mtaa wa watu weusi unaitwa Hill District.

Pale, kona ya Wylie Avenue na Townsend Street, kulikuwa na klabu ya Crawford Grill. Mwenyewe alikuwa Gus Greenlee, na huyu mzee ukitaka kumwelewa usianze na muziki, anza na hela. Alikuwa bosi wa kamari ya namba, ile bahati nasibu ya mtaani isiyo halali ambapo mtu anaweka senti zake asubuhi akiota kutajirika jioni, na hela ile ndiyo iliyokuwa inazunguka mtaani kwa sababu benki zilikuwa haziwataki watu weusi kabisa. Na sio maneno ya vijiweni haya, mwaka 1937 shirika la serikali ya Marekani la mikopo ya nyumba lilichora ramani ya Pittsburgh na Hill ikapakwa rangi nyekundu, daraja D, maana yake eneo la hatari usikopeshe. Sasa mtu akitaka kufungua duka, au kumsomesha mtoto, au kuzika, anaenda kwa nani? Anaenda kwa Gus. Hela hiyo hiyo ndiyo iliyoendesha timu ya besiboli ya Pittsburgh Crawfords, walipopita kina Satchel Paige na Josh Gibson, na mwaka 1932 ikajenga uwanja wa timu, Greenlee Field, kwa dola kama 100,000, kipindi ambacho Marekani nzima inalia njaa. Uwanja wenyewe haukufika miaka kumi, ulibomolewa 1938, lakini hiyo ni stori nyingine.

Grill ilikuwa ghorofa tatu. Ya kati ndiyo ya muziki, na ndani kulikuwa na jukwaa linalozunguka na piano iliyobandikwa vioo, yaani mpiga piano anapiga huku taa zinarudi kwenye nyuso za watu na jukwaa zima linageuka taratibu ili na yule aliyekaa kona mbaya aione bendi. Juu kabisa kulikuwa na sehemu ya wenyewe, Club Crawford, huko hukupanda kama hujulikani. Unaweza kusema mbwembwe, na kweli ni mbwembwe, ila fikiria mtu mweusi wa mwaka 1935 anayeshinda kiwanda cha chuma, au mama anayefua nguo za watu, Jumamosi anaingia sehemu ambayo pesa imemwagwa kwa ajili yake yeye, sio kwa ajili ya mzungu anayekuja kutazama watu weusi wakicheza. Wazungu walikuja pia, tena wengi, ila walikuja kama wageni.

Mwaka 1951 ikaungua. Greenlee wakati huo alikuwa mgonjwa, serikali inamdai kodi, na mwaka uliofuata akafariki. Jengo kwisha, mwenye jengo kwisha, ndani ya mwaka mmoja hivi. Kwa hesabu ya kawaida stori ingeishia hapo na tungeandika taarifa ya msiba.

Ila haikuishia hapo, na hapa ndipo ninapotaka tutulie kidogo. Tangu 1943 kulikuwa na Crawford Grill namba mbili, mbele kidogo kwenye barabara hiyo hiyo ya Wylie, kona ya Elmore. Ya kwanza ilipoungua watu walipandisha tu kilima wakaenda ya pili. Na miaka ya 50 na 60 hiyo ya pili ndiyo iliyopata jina kubwa zaidi, John Coltrane alipiga pale, Max Roach, Art Blakey, Mingus, Nina Simone. Maana yake, miaka ya dhahabu kabisa ya jazz ya Hill, kwa masikio yangu, imekuja BAADA ya moto. Moto ulikula piano ya vioo na jukwaa la kuzunguka, sawa, hasara kubwa hiyo, lakini haukula wateja, wala wapiga muziki, wala mama mwenye nyumba aliyekuwa anampangishia chumba mpiga tarumbeta na kumvumilia mpaka mwisho wa mwezi.

Halafu ikaja kalamu.

Miaka ya 50 wakubwa wa jiji waliamua Lower Hill, yaani sehemu ya chini ya mtaa iliyo karibu na katikati ya jiji, ni uchafu unaotakiwa kuondolewa, wakaita maendeleo, mwisho wa Mei 1956 bomoabomoa ikaanza. Ekari 95. Watu kama 8,000 wakahamishwa, biashara zaidi ya 400 zikafungwa au zikatawanyika. Hapo katikati wakajenga ukumbi mkubwa wa duara wenye paa la chuma linalofunguka, Civic Arena, ukafunguliwa 1961, awali wazo lilikuwa uwe na maonyesho ya muziki wa jukwaani chini ya nyota, kwa hiyo ukitaka kucheka kwa uchungu cheka hapo, wamebomoa mtaa wenye muziki kila kona ili wajenge sehemu ya muziki. Baadaye ukawa zaidi wa hoki ya barafu, timu ya Penguins, kuanzia 1967.

Ile kona ilipokuwa Grill ya kwanza ilikuwa kwenye hiyo sehemu ya chini. Kwa hiyo hata kama isingeungua 1951 ingekutwa na tingatinga miaka mitano baadaye! Hili watu huwa wanalipita haraka sana, mimi naona ndilo jambo lenyewe. Moto uliwahi tu foleni.

Na tofauti ya moto na tingatinga sio jinsi kuta zinavyoanguka. Klabu ikiungua mtaa unabaki, na mtaa ukibaki kuna uwezekano wa kujenga tena, au kuhamia jirani kama walivyofanya, au hata kupiga kwenye sebule ya mtu. Mtaa ukihamishwa, klabu iliyobaki imesimama inakufa yenyewe polepole bila kiberiti. Jazz ya wakati ule haikuwa inaishi kwenye ukumbi mmoja, ilikuwa inaishi kwenye mnyororo. Wanamuziki weusi wa Pittsburgh walikuwa na chama chao, Local 471, tangu 1908, kwa sababu cha wazungu, Local 60, kilikuwa hakiwachanganyi. Na chama kilikuwa na klabu yake humo humo Hill, ambapo mtu akimaliza kupiga sehemu ya kulipwa saa nane za usiku anapita pale, anakutana na bendi iliyokuja kutoka mji mwingine inapita kuelekea Chicago, wanajam, yaani wanapiga pamoja bila mpango, mpaka asubuhi. Dogo wa miaka kumi na saba amekaa pembeni na saksofoni yake mapajani anasubiri aitwe, akiitwa akaharibu anarudi kukaa, kesho anakuja tena. Chuo ndiyo hicho. Hakina ada wala cheti, ila kinahitaji kitu kimoja ambacho hakuna msaada wowote unaweza kukinunua, kwamba dogo akae umbali wa kutembea kwa miguu.

Bomoabomoa ikapita na hiyo klabu ya chama, wakahamia East Liberty, mbali. Mwaka 1966 vyama viwili vikaunganishwa, kwenye makaratasi ni ushindi wa usawa na mtu huwezi kusema ubaguzi ulikuwa mzuri, ila wanachama weusi baadaye walilalamika kwamba wamemezwa, hawana tena sauti wala sehemu yao. Yaani hapo sasa hakuna moto, hakuna tingatinga, kuna mkutano na mihuri tu, na bado kitu kimepotea.

Mtu ataniambia acha kuremba umaskini, Lower Hill ilikuwa na nyumba mbovu, vyoo vya nje, panya. Ni kweli, na wapo wakazi waliofurahia kuahidiwa nyumba mpya. Ishu ni kwamba nyumba walizoahidiwa hazikulingana na watu waliotolewa. Miaka ya 60 wakazi wakaweka bango kubwa kona ya Crawford Street na Centre Avenue likiwaambia wakubwa wa jiji kwamba bomoabomoa isivuke hapo, na kwamba wanataka nyumba za watu wa kipato cha chini zijengwe Lower Hill. Bango lile lilifanya kazi, bomoabomoa haikuvuka. Kona hiyo mpaka leo inaitwa Freedom Corner.

Na kabla hujasema nimesahau moto, hapana, moto ulirudi. Aprili 1968 Martin Luther King alipouawa Hill ikawaka, karibu wiki nzima, moto zaidi ya 500 ulihesabiwa, watu 900 na ushee wakakamatwa, jeshi la akiba likaingia mtaani. Grill namba mbili haikuungua. Umenisikia? Haikuungua. Lakini wateja wa kizungu waliokuwa wanapanda kilima na magari yao wakaacha kuja, na wateja weusi wenye kipato walikuwa wameshahamishwa au wamehama. Mwaka huo huo wa 1968 bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuziwezesha nyumba na biashara za mijini kupata bima ya moto, kwa sababu makampuni ya bima yalikuwa yanayakimbia maeneo kama yale. Hapo ndipo nataka mtu anayependa kulia juu ya majengo aangalie. Klabu isiyoweza kukatiwa bima ni klabu ambayo imeshaungua, imebaki kupangiwa tarehe tu. Grill namba mbili ilijikongoja miaka na miaka, jimbo likaja kuweka kibao cha kumbukumbu mwaka 2001, miaka miwili baadaye ikafungwa. Sijui kama kuna kejeli kubwa kuliko hiyo, ila zipo nyingi za namna hiyo, serikali duniani kote inapenda sana kibao, kibao hakidai mshahara.

Sasa linganisha na New York. Mtaa wa Harlem, 210 West 118th Street, chini ya hoteli inaitwa Cecil, kulikuwa na Minton's Playhouse, ilifunguliwa 1938 na Henry Minton, mpiga saksofoni. Nako usianze na muziki, anza na uongozi wa chama, maana Minton alikuwa mjumbe wa chama cha wanamuziki, Local 802, na chama kilikuwa kinapiga faini mwanachama anayejam bure. Sasa ukiwa kwenye ukumbi wa mjumbe mwenyewe unapiga bila woga. Mwaka 1940 akamweka Teddy Hill awe meneja, Teddy akaajiri Thelonious Monk kwenye piano na Kenny Clarke kwenye drums (Kenny kazaliwa Pittsburgh, tuliwahi kusema huko kulikuwa na chuo), na Jumatatu usiku wasanii wa Apollo, ukumbi mkubwa wa maonyesho wa Harlem, wanakula bure. Wakaja Charlie Christian na gitaa lake, Dizzy Gillespie, Charlie Parker, na humo ikapikwa bebop, jazz ya aina mpya. Chakula cha bure na kinga ya faini. Wachambuzi wengi wanaandika kurasa juu ya akodi za Monk, na wako sawa, ila sahani ya Teddy Hill nayo ingepewa aya yake.

Mwaka 1974 hoteli ikashika moto na Minton's ikafungwa. Lakini jengo halikuteketea! Kuta zilibaki, miaka ya 80 vyumba vya juu vikatengenezwa kuwa makazi ya watu wa kipato kidogo, mwaka 1985 likaingizwa kwenye orodha ya taifa ya sehemu za kihistoria. Kwa hiyo hapa tuna kinyume cha Pittsburgh, jengo lipo, anuani ipo, jina lipo, karatasi za ulinzi zipo. Na klabu je? Ilikaa gizani zaidi ya miaka 30. Ikafunguliwa 2006, ikafungwa 2010. Ikafunguliwa tena 2013 na Richard Parsons, aliyewahi kuwa mkuu wa kampuni ya habari na burudani ya Time Warner, safari hii ikiwa mgahawa wa heshima zake, wa kuvalia. Chakula kizuri sitabisha, na wanamuziki walilipwa. Ila yule dogo wa miaka kumi na saba mwenye saksofoni mapajani, huyo mlangoni hapiti, na hata akipita hawezi kukaa usiku kucha na soda moja.

Kwa hiyo ukiniuliza kati ya Pittsburgh ya 1951 na New York ya 2013 ni wapi jazz ilikuwa na nyumba, mimi nasema Pittsburgh ya 1951, wiki ile ile majivu yakiwa bado ya moto.

Sisi huku hili tunalijua bila kufundishwa. DDC Mlimani Park, bendi ya dansi ya Dar es Salaam ambayo watu wanaiita Sikinde, jina lake limetoka kwenye baa, bendi ikaanza 1978 chini ya kampuni ya usafiri na teksi, 1983 ikachukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam, ikahama mikono, ikahama kumbi, Sikinde ikabaki Sikinde kwa sababu watu waliokuwa wanaifuata walikuwa bado wanaweza kuifikia na kulipa kiingilio.

Lakini nisije nikaonekana naudharau moto. Aprili 23, 1940, Natchez, Mississippi, ukumbi unaitwa Rhythm Club, jengo la mabati, Walter Barnes na bendi yake kutoka Chicago wamekuja kupiga. Darini walikuwa wamening'iniza majani makavu ya urembo, yale yanayoning'inia kwenye miti ya kusini, wakayapulizia dawa ya wadudu yenye mafuta. Madirisha yamepigiliwa mbao ili wasiolipa kiingilio wasichungulie wala kuruka. Mlango wa kutokea mmoja, tena unafungukia ndani. Wakafa watu 209. Barnes alikufa na wanabendi wake karibu wote, na waliopona walisema alijaribu kuwatuliza watu kwa kuendelea kupiga. Kwa hiyo ninaposikia mtu anataka ukumbi wa zamani "ubaki kama ulivyokuwa" natamani kumuuliza, na milango je? Klabu za watu weusi za wakati ule zilikuwa kwenye majengo mabovu kwa sababu hizo ndizo walizoachiwa, na ukarabati unaohifadhi rangi ya ukuta huku nyaya za umeme ni za enzi ya babu ni ujinga wenye hati ya serikali. Nyumba ya kale inataka vitambuzi vya moshi na milango miwili inayofungukia nje, baada ya hapo ndiyo tuzungumze piano.

Kuna kitu kimoja Pittsburgh walikiokoa, na hakikuokolewa na kamati. Charles Harris, wao wanamwita Teenie, alikuwa mpiga picha wa gazeti la watu weusi, Pittsburgh Courier, na kaka yake Woogie alikuwa mshirika wa Greenlee kwenye biashara ya namba, kwa hiyo milango yote ilikuwa wazi kwake. Meya mmoja alimbandika jina la One Shot kwa sababu alikuwa anapiga picha moja tu anaondoka, balbu za flashi zilikuwa za gharama. Picha moja moja hizo zikafika karibu 80,000, leo ziko makumbusho ya sanaa ya Carnegie. Ukizipitia utamwona Duke Ellington, utamwona Lena Horne, lakini nyingi ni watu wa kawaida wamekaa kaunta, wahudumu, harusi, watoto mbele ya duka ambalo halipo. Nikiziangalia huwa nahangaika na kitu kidogo, viti. Watu wamebanana. Kaunta nzima hakuna kiti kitupu, na hawa wote wanaonekana wanafahamiana. Unaweza kujenga upya ukumbi kwa kufuata picha hizo, vipimo vyote unavipata, jukwaa la kuzunguka utachonga. Viti utavijaza na nani?

Civic Arena yenyewe ilifungwa 2010 ikabomolewa mwaka uliofuata na kidogo, baada ya miaka 49 tu. Penguins walikuwa wamepewa tangu 2007 haki ya kuendeleza zile ekari 28 za eneo la arena, na kwa miaka mingi iliyofuata sehemu kubwa ya ardhi iliyohamisha watu 8,000 ikawa paking ya magari ya mashabiki wa hoki. Mikutano ya wakazi haijaisha, na madai yao ni yale yale ya kwenye bango, nyumba kwanza.

Grill namba mbili nayo bado ipo pale Wylie na watu wanataka kuifufua. Nawaombea. Ila wakianza na menyu na mavazi ya mlangoni, nawapa miaka minne kama Minton's ya 2006. Wakianza na vyumba vya bei nafuu ng'ambo ya barabara, na Jumatatu moja ya kujam ambayo vijana wa shule wanaingia bure na kulishwa, hapo nitanyamaza.